Mwendo wa Kwenda Kutuza

Noti hukunjwa kwa urefu wake, ikabanwa baina ya kidole cha shahada na cha kati, ncha yake ikachungulia juu. Mwanamke aliyeishika hajanyanyuka bado. Anasubiri. Fidla zimeshapanda na kushuka, akodioni imevuta pumzi yake ndefu, mwimbaji amemaliza ubeti wa kwanza, na ukumbi umetulia kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa safu kwa safu. Harufu ya udi, ya asumini na ya jasho la watu zimekwisha changanyika hata haijulikani ipi imetoka kwa nani. Kisha mwimbaji anafika kwenye mshororo fulani, na mwanamke yule anasimama. Hana haraka. Anapita mbele ya magoti ya wenziwe kwa kuomba njia, anatokea ujiani, na hapo mwendo unabadilika: mabega yanaingia kwenye mdundo wa dumbaki, shingo inanyooka, mkono wenye noti unapanda juu ya kichwa na kuanza kupepea taratibu. Kutoka kitini mpaka jukwaani ni masafa ambayo mtoto angeyamaliza kwa pumzi moja. Yeye anayatembea kwa ubeti mzima.

Nimekaa kwenye taarabu za kila namna tangu utotoni: za harusi uani chini ya turubai, za sikukuu kwenye kumbi za vyama, za Ngome Kongwe pale Unguja ambako kuta nene hurudisha sauti ya fidla ikiwa imechelewa kidogo. Nyimbo zenyewe nilikuwa nimeshazisikia redioni hata nimezikariri, kwa hiyo siwezi kusema nilikwenda kuzisikia. Nilichobaki nacho ni watu waliosimama. Namkumbuka mama mmoja wa makamo, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye mtaani hakuwa na maneno na mtu zaidi ya salamu. Usiku mmoja alinyanyuka kwenye ubeti mkali kuliko yote, akatembea ukumbi mzima hacheki wala hanuni, akatuza, akarudi kukaa na kuutengeneza mtandio wake. Hakuna ajuaye mpaka leo alikuwa akimwambia nani. Mtaa ulilizungumza jambo lile mpaka msimu wa embe ukaisha. Waulize watu wazima wa Mji Mkongwe, wa Tanga au wa Mombasa juu ya taarabu iliyowakaa rohoni. Kwa adabu wataanza na mwimbaji, watamtaja mpiga udi, watasifu sauti. Haitachukua muda watakuwa wameshafika kwa aliyenyanyuka.

Asiyezoea mambo haya huona fedha akadhani ameona malipo. Malipo yamo, sikatai. Waimbaji wana watoto wanaokwenda shule na nyumba zinazodaiwa kodi. Lakini ingekuwa ni malipo tu, ingetosha kuweka sanduku mlangoni na kila mtu akatumbukiza chake akipita. Shairi la taarabu huandikwa kwa mafumbo: ua, ndege, chombo baharini, tunda lililoliwa kabla halijaiva, jirani asiye na haya. Mtunzi huenda alikuwa na mtu wake moyoni, huenda hakuwa naye. Mwimbaji analitoa bila kumtazama yeyote, macho yakipita juu ya vichwa vya watu, mwili umetulia, kwani katika taarabu ya kizamani kujitikisa jukwaani kulihesabiwa utovu wa adabu. Maneno yanatoka hivyo, hayana mwenyewe. Mpaka mtu anyanyuke. Akinyanyuka kwenye mshororo ule na si mwingine, ameshautia muhuri wake, na ukumbi unaanza kutafuta anwani. Kamtupia nani jicho alipokuwa akirudi? Kwa nini kazunguka upande wa kushoto ilhali kiti chake kiko kulia? Anaweza akawa anaiambia nafsi yake kwamba yaliyoimbwa yamemfika. Anaweza akawa anamwambia mume, mke mwenza, shoga aliyegeuka, mkwe, mdai. Na uzuri wake ni kwamba akiulizwa kesho atasema: mimi niliupenda wimbo, kwani kupenda wimbo dhambi?

Wahenga wamesema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wengi wetu tunaitumia methali hii kumsuta mbinafsi. Ukumbini naiona haina lawama hata kidogo. Ngozi isiyovutwa haiwambiki, na ngoma isiyowambwa hailii. Wimbo ambao hakuna aliyeuvutia kwake hupita juu ya watu ukaishia kwenye mapangaboi. Huyu anauvuta upande wa kifo cha mumewe, yule upande wa kiwanja alichodhulumiwa, mwingine upande wa mapenzi ambayo hata mhusika hayajui; na kwa sababu kila mmoja ameshika ukingo wake na hataki kuuachia, ngozi inakaza, na sauti inatoka. Ndiyo maana siamini kwamba onyesho zuri ni lile lililotuunganisha sote tukawa kitu kimoja, kama watu wanavyopenda kusema. Katika usiku mzuri kuliko wote niliowahi kuuona, kila mtu alikuwa peke yake na jambo lake, mbele ya macho ya wote.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri wamstareheshe kasrini, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko huko Misri akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Nikiufikiria usiku wa kasrini namwona msikilizaji mmoja tu. Wengine waliokuwamo walikuwa pambo. Radhi ilikuwa ya mtu mmoja, na zawadi ilitoka mkono mmoja. Aliyekuwa amekaa pembeni na wimbo ukamchoma moyo hakuwa na la kufanya ila kuangalia ncha za viatu vyake. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama cha Ikhwani Safaa, na muziki ukapata nyumba nyingine nje ya kasri. Kutoka hapo mpaka kwenye viti vyetu vya plastiki ni historia ndefu ya vyama, ala na ugomvi. Mimi huipita haraka ili nifike kwenye jambo moja linalonishangaza: kwamba ile haki ya kutoa zawadi, iliyokuwa ya mtawala, ilimegwa vipande vidogo vidogo ikagawiwa watu. Muuza samaki anaponyanyuka na noti yake, kwa zile hatua chache yeye ndiye ambaye mji mzima umekaa kusubiri radhi yake. Ala zinamngoja. Mwimbaji akiona hajafika atarudia mshororo mpaka afike. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020, nasi tukalilia kwa haki. Jengo lilikuwa na saruji na vyuma. Mwendo huu hauna hata msumari, na ungali ukienda.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba kwenye nyumba ya mafundi wa vyungu, akaja mjini kuviuza, akaishia kuuza sauti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na nadhani hakuna mwimbaji aliyezijua siri za mji ule kuliko yeye aliyekuwa akipita mlango kwa mlango na bidhaa kichwani. Mwaka 1928 alikwenda Mumbai pamoja na wenzake kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zilizotoka huko zikaenea pwani yote. Zilikuwa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kunaswa namna hiyo. Sauti imebaki, unaweza kuisikia leo, nyembamba, imezungukwa na mkwaruzo wa sindano. Lakini najaribu kuuona ukumbi ule wa kurekodia. Siti na wapigaji wake, fundi mbele ya mashine, mlango umefungwa. Hakuna jirani. Hakuna mtu ambaye ubeti ungemgusa akajikuna. Aliimba mafumbo ya mtaa wa Ng'ambo, Unguja, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuyachukua, na kwa hiyo santuri zimetuletea wimbo ambao bado unasubiri. Wimbo wake wa Kijiti, wa mwanamke aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja, na wa haki iliyokwenda kombo baada yake, waliusikia kwanza watu walioijua kesi, labda waliowajua waliohusika. Sisi tunausikia kama hadithi ya kale. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alituhifadhia maisha yake, heshima yake, shida zake na subira yake, na hakuna aliyefanya zaidi ya hapo. Ila ningetoa kitu kikubwa kupata ukurasa mmoja tu wa majina ya walionyanyuka usiku ule wa kwanza, na mishororo waliyonyanyukia.

Kuna waliozidisha, bila shaka. Vyama vya wanawake vya Unguja, Nur el-Uyun na Sahib el-Ari, vilishindana kwa nyimbo hata usiku wa mmoja ukawa ni jibu kwa usiku wa mwingine, na sare za mmoja zikawa ni tusi kwa sare za mwingine. Miaka ya 1990 moto ule ukavuka bahari ukaingia Dar es Salaam, kikundi cha TOT upande huu na cha Muungano upande ule, Khadija Kopa aliyelelewa kisanii na Culture Musical Club akikabiliana na Nasma Khamis, na watu wakijaza kumbi kusikia nani kampiga nani kijembe. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, mafumbo yakavuliwa nguo moja moja, viti vikasukumwa ukutani. Wazee waliguna, na wanaendelea kuguna. Mimi nilipenda sana nguvu ya usiku wa enzi zile na sioni kwa nini nijifanye mstaarabu. Kitu kimoja tu ndicho kilichonipa kiu. Muziki ulipokuwa wa kucheza, watu walinyanyuka wote kwa pamoja, noti zikamiminika kutoka kila upande, mwimbaji akazungukwa hata asionekane. Wakinyanyuka wote, hakuna aliyenyanyuka. Huwezi kusoma mwendo wa mtu aliye ndani ya mkumbo.

Kwenye dansi mambo ni mengine, na ni ya kiume zaidi. Katika kumbi zilizopigiwa na bendi za Msondo na Sikinde, noti ilibandikwa kwenye paji la uso la mpiga solo, jasho likaishika, naye akaendelea kupiga bila kuiondoa ili watu waione. Hapo anayesifiwa ni fundi na ufundi wake. Maneno hayajachukuliwa na mtu. Wakongo nao wana libanga: mfadhili hulipa, na jina lake likaitwa ndani ya wimbo wenyewe, likaingia kwenye rekodi, likafika mpaka kwenye baa ambazo mwenye jina hajawahi kuzikanyaga. Naheshimu ujasiri wa kutaka kusikika waziwazi hivyo. Kwangu mimi utamu wote uko kwenye kutotajwa.

Nirudi kwenye noti yenyewe, kwa sababu ina historia ambayo hakuna mwanamuziki aliyeulizwa juu yake. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 500 ili ichukue nafasi ya noti, kwa kuwa noti ile ilikuwa ikipita mikono mingi na kuchakaa upesi. Kwa benki ilikuwa hesabu nzuri. Ukumbini lilikuwa pigo. Sarafu haipepei. Haibanwi vidoleni ikaonekana kutoka safu ya nyuma. Ukiipeleka juu ya kichwa cha mwimbaji watu watadhani unataka kumpiga nayo. Basi kadiri noti zile zilivyopotea mitaani, kiwango cha chini cha kunyanyukia kikapanda taratibu mpaka shilingi 1,000. Wanawake waliozoea kupita dukani jioni kuomba noti kubwa ivunjwe vipande vidogo walikuta vipande vimekuwa vichache. Aliyekuwa akinyanyuka mara nne akawa ananyanyuka mara mbili, na kwa sababu hiyo akawa anachagua. Sijui kama ni hasara tupu. Mtu mwenye noti mbili husikiliza beti kwa makini ambayo tajiri hana haja nayo. Anauacha mshororo mzuri upite kwa sababu anajua ubeti wa nne una mzuri zaidi, na pengine anakosea, na wimbo unaisha akiwa na noti yake. Siku hizi mtu anaweza pia kumtumia mwimbaji fedha kwa simu. Zinafika salama, bila kuchakaa, na hakuna aliyeziona zikipita.

Mcheza kwao hutuzwa, nayo methali hii imenisumbua tangu nilipomwona mwimbaji Bi Kidude kwa mara ya kwanza. Fatma binti Baraka, ndilo jina lake halisi, hakujua alizaliwa mwaka gani na hakuonekana kujali. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 watu walibishana umri wake hata kabla ya mazishi. Alipiga ngoma ya msondo kwenye unyago, aliimba taarabu aliyoirithi kwa kumsikiliza Siti, alivuta sigara zake, na alipopanda jukwaani ilikuwa jungu kuu limefunuliwa na ukoko wake unanukia. Alizunguka dunia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki wa dunia ya WOMEX, na kumbi za Ulaya zilimsimamia zikapiga makofi kwa muda mrefu. Nimetazama picha za video za maonyesho ya namna hiyo. Watu wamekaa gizani, nuru yote iko kwake, wametulia kwa heshima kubwa kabisa, wanangoja wimbo uishe ndipo wapige makofi kwa pamoja. Je, alituzwa? Kwa fedha, kwa heshima, kwa maua, ndiyo. Lakini hakuna aliyeinuka katikati ya mshororo akaja polepole, kwa sababu hakuna aliyejua ni mshororo gani uliokuwa ukimsema. Walimpenda yeye. Wimbo ulibaki hauna wa kuuvuta. Nadhani ndiyo maana, Bibi alipokuwa huko, uso wake ulikuwa ukitafuta kitu kwenye safu za mbele. Huenda ni mimi ninayemsingizia. Huenda alikuwa akitafuta kiberiti.

Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, pande hizi mbili, wenyeji na wageni, zilikutana, na hapo niliona jambo ambalo limenifanya nipunguze kiburi cha mwenyeji. Mgeni mmoja, mwanamke wa kizungu aliyechomwa na jua mabegani, alikuwa amewatazama wenyeji wakienda kutuza, akaona ni desturi nzuri, akatoa noti ya dola na kunyanyuka. Alicheza vizuri tu. Ubaya ni kwamba alichagua ubeti unaomsema mtu aliyempokea mwizi nyumbani kwake, akampa kitanda, akampa na mume. Safu nzima ya akina mama ilishikana mikono kwa kicheko. Maskini, hajui anachokisema! Mwimbaji alimpokea kwa adabu, akaurudia mshororo ule ule, mara hii akiwa na tabasamu dogo pembeni mwa mdomo. Mgeni akarudi kukaa. Nilikuwa karibu naye, nikamwona anajifuta macho. Sasa niambie: nani miongoni mwetu alikuwa na hakika kwamba ubeti haukumfikia? Mafumbo hayana pasipoti. Labda hakuelewa neno hata moja, na labda mwendo wenyewe, huko kunyanyuka mbele za watu na kitu mkononi, ulimfungulia mlango ambao maneno hayakuhitajika kuufungua. Kicheko cha wale mama kilipungua. Mmoja alimpelekea chupa ya maji.

Na yuko mmoja ambaye simsahau, naye hakufanya lolote. Alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu kwenye taarabu ya Idi, mwanamke wa umri wa mama yangu, kanga ya pili begani, hana mapambo. Noti alikuwa nayo tangu mwanzo, ndani ya ngumi. Wimbo ulipoanza niliona ngumi inapanda mpaka gotini. Ulipofika ubeti wa tatu, ubeti wa chombo kilichoondoka bila kuaga, goti likasogea, kisigino kikanyanyuka, mgongo ukaacha kiti. Nikavuta miguu yangu kumpisha. Hakutoka. Mtu mwingine, kutoka safu ya mbele, msichana aliyevaa sare ya kung'aa, akanyanyuka kwenye mshororo ule ule, na kwa sababu yake mwimbaji akaurudia, mara ya pili, mara ya tatu; kila mara ukirudi jirani yangu alikuwa katika hali ile ile, si mkao wala si msimamo. Kisha wimbo ukahamia kwenye kiitikio, ubeti wa nne ukaja na mambo mengine, na yeye akaketi kabisa. Akafungua pindo la kanga, akaiweka noti, akafunga fundo mara mbili.

Nimemfikiria kuliko waliotuza wote. Huenda ile ilikuwa nauli ya kurudia nyumbani, au fedha ya daftari za mjukuu, na moyo ukashindwa mbele ya hesabu. Huenda mtu wa kumwambia alikuwa amekaa nyuma yake. Huenda ameshazikwa, na kumtuzia marehemu ubeti wa lawama kulimtia haya. Au, na hili ndilo linaloniingia zaidi, alikwisha kusema. Kwa wenye macho, nusu ya kunyanyuka ilitosha. Katika kumbi zetu tunahesabu wanaokwenda na kurudi, tunawataja, tunawasuta kwa wiki nzima. Nao waliobaki na noti zao pindoni wanatoka mlangoni pamoja na sisi, wanapanda daladala, na usiku wao una mambo ambayo hakuna atakayeyasimulia. Ukizijumlisha, nyimbo ambazo hazikutuzwa ndizo nyingi. Mwimbaji aliyekomaa hujua. Niliwahi kumsikia mmoja wa Tanga akisema kwamba noti inayomtia nguvu haiko mkononi mwake, iko kwenye safu ya tano na mwenyewe anaikunjakunja. Ataiimbia ile mpaka koo likauke.

Na yule aliyepitiwa na noti, akajiona ametajwa? Usiku ule hana la kufanya. Akinyanyuka kwa hasira amekiri, akiondoka amekiri zaidi, kwa hiyo hukaa, akacheka na aliye pembeni yake, akapiga hata makofi. Kazi yake inaanza baadaye, watu wakishaanza kusahau. Humwendea mtunzi. Watunzi wa mashairi ya taarabu huwa watu wa kawaida mno: karani, fundi cherahani, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Siku ya onyesho hukaa nyuma karibu na mlango, na hakuna anayewapelekea noti. Mwanamke anafika baada ya alasiri na kikapu cha halwa, anakaa barazani, anaanza kueleza kwa mbali: palikuwa na mtu, na mtu mwingine, na chombo walichokuwa wakisafiria pamoja. Mtunzi anamzuia mapema kwenye majina. Hayataki. Shairi likishajua linamsema nani haliwezi tena kumsema mwingine, na yeye ana wateja wengi. Anachotaka kujua ni kama tanga lilikuwa jipya au lina viraka, nani alishika usukani, na upepo ulikuwa wa kusi au wa kaskazi. Anaandika pembeni mwa gazeti la juzi. Anauliza sikukuu imebakisha muda gani, maana wapigaji nao wanahitaji mazoezi, na kama sare zimeshakatwa. Mwanamke anasema sare ziko kwa fundi tayari, na halwa ile ni ya kutangulizia tu. Mtunzi anaifunua, anamega kidogo, anatafuna akiwa ameangalia njiani, kisha anamwambia kwamba wimbo wa kujibu bei yake si ile ya wimbo wa kuchokoza.